Ronald Searle: askari aliyeificha reli ya kifo chini ya malazi ya wagonjwa wa kipindupindu

Kalamu ya Risasi

Wakuu, habari za jukwaani.

Humu kwenye jukwaa la historia tuna nyuzi nyingi za vita: majenerali, vifaru, nani alimpiga nani na kwa ndege gani. Leo naomba tumwangalie askari wa kawaida kabisa, mtu ambaye vita yake ya bunduki ilidumu wiki chache tu, lakini alitoka vitani na michoro takriban 300 ya maisha ndani ya makambi ya mateka wa Wajapani. Uzi ni mrefu, kaeni vizuri.

Anaitwa Ronald Searle. Alizaliwa Cambridge, Uingereza, tarehe 3 Machi 1920, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Shule aliiacha mapema akatafuta kibarua, na kuanzia 1935, akiwa kijana wa miaka 15, vibonzo vyake vilikuwa vinatoka kwenye gazeti la mji wao. Uchoraji akausomea hapo hapo Cambridge. Aprili 1939, miezi kadhaa kabla vita havijatangazwa, akajiandikisha jeshini na kupangiwa kikosi cha uhandisi, wale wanaojenga madaraja na kutegua mabomu ya ardhini.

Januari 1942 kikosi chao kikashushwa Singapore. Wajapani walikuwa wameshaichukua karibu Malaya yote na wanateremka kusini kwa kasi. Tarehe 15 Februari Singapore ikasalimu amri, na takriban askari 80,000 wa Uingereza, India na Australia wakawa mateka kwa mpigo mmoja. Searle alikuwa hajatimiza hata miaka 22. Kifungo chake kikaja kuchukua miaka mitatu na nusu.

Mwanzoni wengi wao waliwekwa Changi, mashariki ya kisiwa. Njaa ilikuwepo, lakini mateka walijiendeshea mambo yao mengi wenyewe: waliendesha madarasa, waliigiza tamthilia, walitoa hata gazeti la mkono, na Searle alikuwa mmoja wa waliolichorea. Balaa lenyewe lilikuwa kaskazini, kwenye reli.

Hapa lazima nieleze ile reli, maana bila hiyo michoro haieleweki. Jeshi la Japani lilikuwa limeingia Burma (Myanmar ya leo) na lilihitaji chakula, risasi na askari wapya. Njia ya bahari kuzunguka rasi ya Malaya ilikuwa imeshakuwa hatari kwa sababu ya nyambizi na ndege za adui. Wakaamua kupitisha reli katikati ya milima na misitu, kutoka Ban Pong nchini Thailand hadi Thanbyuzayat nchini Burma, kilomita 415. Wahandisi wa zamani walishaitazama njia hiyo wakaiogopa kwa mawe yake, mvua zake na magonjwa yake. Wajapani waliimaliza kwa muda wa mwaka mmoja na miezi michache tu. Oktoba 1943 reli ya upande huu na ya upande ule zikakutana. Walitumia nyundo, tindo, vikapu, baruti na miili ya watu. Mateka wa kivita zaidi ya 60,000 walipelekwa huko, na zaidi ya 12,000 hawakurudi. Vibarua wa Kiasia wanakadiriwa kufika 200,000, na waliokufa kati yao wanakadiriwa kufika 90,000. Hao vibarua tutawarudia huko mbele, kwa sababu ndio hasa walionifanya niandike uzi huu.

Searle alipelekwa Mei 1943. Ukiangalia kalenda huo ni wakati mbaya kuliko wote: mvua za monsuni zinaanza, wakubwa wa Tokyo wanataka reli iishe haraka, na walinzi wanawasukuma watu usiku na mchana kwa kelele za "speedo, speedo", yaani haraka, haraka. Eneo la Konyu palikuwa na mwamba uliotakiwa kupasuliwa ili njia ipite. Watu walikuwa wanagongelea tindo kwenye jiwe kwa nyundo mpaka usiku wa manane, wakimulikiwa na moto wa mianzi. Wazungu wenyewe walipabatiza jina la njia ya moto wa jehanamu.

Katika hali hiyo kijana huyu anachora. Kuchora ilikuwa hatari. Mlinzi akikukuta na karatasi yenye sura ya mtu anayepigwa, unaona cha moto, na kichapo kwa mtu aliyeshakuwa mifupa mitupu kinaweza kuwa ndio mwisho wake. Swali la kila siku lilikuwa: unazificha wapi? Searle alizificha chini ya malazi ya wagonjwa wa kipindupindu. Walinzi walikuwa wanaogopa kipindupindu kuliko kitu kingine chochote, na banda la wagonjwa hao hawakuligusa. Michoro ikalala na watu wanaokufa, na watu wanaokufa wakailinda.

Naomba tusiipite sentensi hiyo haraka. Wale wagonjwa wengi wao hawakuona mwisho wa vita. Kila tunapoitazama michoro hii tunaitazama kwa hisani yao pia.

Kuna mchoro mmoja ambao mimi huwa narudi kwake. Ni mfungwa mwenzake anaumwa kipindupindu, Thailand, 1943. Uso peke yake. Macho yameingia ndani, mashavu yamenyonywa, mdomo uko wazi kidogo. Mistari ni michache mno. Unaona kabisa kwamba mchoraji hakuwa na muda wala nguvu za kupamba. Halafu kuna mwingine wa watu wanaondoa mawe baada ya mwamba kulipuliwa: migongo iliyopinda, miguu kama vijiti, na mwamba umekaa juu yao mkubwa kuliko wote. Hakuna shujaa mle. Hakuna aliyeinua ngumi. Kuna watu wanabeba mawe.

Yeye mwenyewe malaria ilimpiga, beriberi (ugonjwa wa kukosa vitamini) ikampiga, vidonda vikamla. Alirudishwa Singapore akiwa hoi, akafungwa kwenye gereza lenyewe la Changi mpaka ukombozi wa 1945, na huko pia aliendelea kuchora. 1946 akatoa kitabu kidogo cha michoro 40. Mkusanyiko mkubwa ulisubiri hadi 1986, mwaka aliochapisha kitabu chake cha michoro ya vita ya 1939 hadi 1945 na kuikabidhi michoro yenyewe kwa jumba la makumbusho ya vita la London, Imperial War Museum. Kwenye kitabu hicho aliilinganisha kazi yake na maandishi ya ukutani ya mtu aliyehukumiwa kufa: alitaka kuacha alama kwamba naye alipita hapo, kisha kwa mshangao akajikuta yumo kwenye kundi la waliosamehewa.

Hoja yangu ni hii. Searle aliamua kuwa shahidi. Hakuna aliyemtuma, hakuna gazeti lililomlipa. Alijua wenzake watakufa bila picha, akachukua jukumu. Karibuni tujadili.

---

Mwana Ukerewe

Mkuu umeshusha nondo. Swali la haraka: mtu anavunja mawe msituni, hana hata viatu, karatasi na wino anatoa wapi? Na kwenye mvua za namna hiyo karatasi inadumu vipi?

---

Kalamu ya Risasi

Mwana Ukerewe, swali zuri sana. Searle alikuwa mchoraji kabla ya kuwa askari, kwa hiyo aliingia kifungoni na vifaa kidogo vya kwake. Vikiisha, wachoraji wa makambi yale walikuwa wanaokoteza: karatasi zilizoibwa kwenye ofisi za Wajapani, kurasa tupu za mwanzo na mwisho wa vitabu, nyuma ya fomu. Rangi walizitoa kwenye udongo na majani, brashi wakatengeneza kwa nywele za binadamu.

Kuhusu mvua, nyingi ziliharibika. Ndiyo maana karatasi unazoziona leo zina madoa, zimekunjwa, kingo zimelika. Mimi naona vizuri zikibaki hivyo hivyo, maana doa la ukungu nalo lilikuwa kambini.

---

Muuguzi wa Zamu

Nimesoma uzi huu nikiwa zamu ya usiku, nikashindwa kuunyamazia.

Mleta mada amemtaja Searle, naomba nimuongeze Jack Chalker. Huyu naye ni Mwingereza, kazaliwa London 1918, katekwa Singapore vile vile, kapelekwa Konyu mapema zaidi, 1942. Mlinzi alimfuma na michoro, ikachanwa, na yeye akapigwa vibaya sana. Akaanza upya. Kilichofuata alikificha ndani ya vipande vya mianzi vilivyofukiwa ardhini na kwenye makuti ya mapaa. Zaidi ya michoro 100 ikasalimika.

Kinachonigusa kama mtu wa afya ni kwamba baadaye alifanya kazi na madaktari kwenye kambi ya hospitali ya Chungkai. Huko alikutana na Edward Dunlop, daktari wa upasuaji wa Australia ambaye wenzake walimwita Weary, na akawa anachora magonjwa na tiba zenyewe. Vidonda ndugu, kwa mfano. Wazee wetu wanavijua: unakwaruzwa na mwanzi mguuni, mwili hauna lishe, baada ya siku chache nyama imeoza mpaka mfupa unaonekana. Dawa hakuna. Tiba iliyokuwepo ni kukikwangua kidonda kwa kijiko kilichonolewa, mgonjwa ameshikwa na wenzake, bila ganzi. Ikishindikana mguu unakatwa. Chalker alichora hayo yote kwa utulivu wa mtu anayeandaa kitabu cha kufundishia: kidonda hiki kina ukubwa huu, kiko hapa, kifaa tunachotumia ni hiki.

Na vifaa vyenyewe! Kwenye makambi yale kipindupindu kilitibiwa kwa maji ya chumvi ya kwenye mshipa, na sindano ilichongwa kwa mwanzi. Nyinyi mliowahi kumpoteza mgonjwa wa kipindupindu mnajua kwamba kinachomuua ni kukaukiwa maji, na ukiwahi kuyarudisha anaweza kuinuka siku ya pili. Madaktari wale walijua, hawakuwa na kitu, wakachonga mianzi. Vingi tunavyovijua kuhusu vifaa hivyo tunavijua kwa sababu kuna mtu alikaa akavichora.

---

Bint Saadani

Muuguzi wa Zamu umeniliza. Kukwangua kidonda kwa kijiko, Mungu wangu.

---

Ngome Kongwe

Wakuu, naheshimu mada, ila nina shaka moja ya msingi. Mchoro una mkono wa mtu. Mchoraji anaweza kuongeza, anaweza kupunguza, anaweza kumfanya adui awe na meno makubwa. Picha ya kamera inachukua kilichopo. Kama tunazungumzia ushahidi wa historia, mimi naweka picha mbele, michoro baadaye. Searle alikuwa mchora vibonzo, kazi yake ni kutia chumvi. Tunajuaje kwamba huku hakutia?

---

Kalamu ya Risasi

Ngome Kongwe, hoja yako ni nzito, nitaijibu kwa kirefu.

Kwanza, kamera ilipigwa marufuku. Yupo kijana wa Australia, George Aspinall, aliyeingia na kamera ndogo ya kukunja akapiga picha kwa siri Changi na huko kwenye reli, na picha zake ni hazina. Lakini naye ilifika mahali akaiharibu kamera yake mwenyewe, maana misako ilizidi na kukutwa nayo kulikuwa sawa na kujichimbia kaburi. Tungesubiri picha peke yake, sehemu kubwa ya maisha ya mle tusingeiona.

Pili, michoro hii inathibitishana. Searle na Chalker hawakukaa pamoja kupanga waseme nini. Kulikuwa na wengine pia, akina Philip Meninsky na Ashley George Old, kila mmoja na mkono wake, na wote wanakuonyesha miguu ile ile, mabanda yale yale, vidonda vile vile. Maelezo ya madaktari yanasema hivyo hivyo.

Tatu, na hili ndilo nalolishikilia zaidi: kamera nayo inadanganya, na inadanganya vizuri. Nenda Terezín, mji wenye ngome huko Bohemia (Czechia ya leo), ambako Wanazi waliwarundika Wayahudi kabla ya kuwasafirisha kwenda Auschwitz. Tarehe 23 Juni 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu waliletwa kutembelea. Kabla yao nyumba zilipakwa rangi, maua yakapandwa, na maelfu ya watu wakasafirishwa kupelekwa kuuawa ili mji usionekane umejaa. Baadaye mwaka huo huo ikapigwa filamu kabisa, watu wanacheza mpira, wanamwagilia bustani, wanasikiliza muziki. Aliyelazimishwa kuiongoza, Kurt Gerron, Myahudi na mfungwa, alipelekwa Auschwitz filamu ilipokwisha kupigwa, akauawa.

Kila kilichomo kwenye filamu ile kilikuwepo kweli mbele ya kamera. Mpira ulichezwa kweli. Na bado ni uongo mtupu.

Kwenye mji huo huo kulikuwa na ofisi ya uchoraji wa ramani na takwimu, wafungwa wanawachorea Wanazi ripoti nzuri nzuri mchana. Mkuu wao alikuwa Bedřich Fritta. Usiku yeye na wenzake walichora walichokiona: foleni za chakula, vyumba vya vikongwe wanaokufa, duka la bandia lililowekwa kuwapumbaza wageni. Fritta anazidisha, nakubali. Nyumba zake zimeinama, watu wake ni vivuli. Lakini niambie kati ya filamu ile na vivuli vya Fritta, ni kipi kinachokwambia ukweli wa Terezín?

---

Ngome Kongwe

Mfano wa Terezín sikuwa nao. Nakubali kwamba kamera inafuata amri ya aliyeishika. Ila bado nasimamia kwamba mchoro usomwe kwa kuangalia nani kachora, lini na akiwa wapi.

---

Kalamu ya Risasi

Hapo tuko pamoja kabisa mkuu. Na Searle aliandika tarehe na mahali kwenye karatasi zake nyingi, kama mtu anayejua kwamba siku moja ataulizwa.

---

Bint Saadani

Kwa kuwa Terezín imetajwa, naomba msiwaache hao wachoraji nusu, maana mwisho wao unastahili kusemwa.

Julai 1944 walikamatwa: Fritta, Leo Haas, Otto Ungar, Ferdinand Bloch. Waliitwa mbele ya maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia makambi, wakaonyeshwa michoro yao iliyokuwa imevuja, wakaambiwa ni propaganda ya kutisha. Wakapelekwa pamoja na familia zao kwenye ngome ndogo ya pembeni, lililokuwa gereza la mateso. Bloch aliuawa humo. Ungar waliuharibu mkono wake wa kuchorea. Aliuona mwisho wa vita, akafa mwaka huo huo wa 1945 kwa ugonjwa. Fritta alifia Auschwitz Novemba 1944. Mke wake naye alifia gerezani.

Fritta alikuwa na mtoto mdogo, Tomáš. Mtoto alipotimiza miaka mitatu, Januari 1944, baba alimchorea kitabu kizima chenye rangi: mtoto amepanda sanduku anachungulia dirishani, mtoto anaota safari, mtoto atakuwa nani akiwa mkubwa. Mtu mwenye michoro ile ya giza, kwa mwanawe anatoa rangi.

Haas alinusurika. Alirudi Terezín akatoa michoro mahali ilipokuwa imefichwa, yake ndani ya ukuta, ya Fritta kwenye sanduku la bati lililofukiwa ardhini. Halafu yeye na mkewe wakamchukua Tomáš wakamlea kama mtoto wao. Nikifikiria hadithi hii yote, kitu ninachokiona kikubwa ni hicho cha mwisho. Michoro ilipata mlinzi na mtoto akapata wazazi, kwa mtu yule yule.

---

Mjukuu wa Keya

Salaam wakuu. Babu yangu mzaa baba alikwenda Bama na keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki). Nyumbani hawakuwa wanasema Burma, walisema Bama. Aliyokuwa anasimulia ni mvua, matope na ruba, basi. Hakuwahi kusema zaidi. Naomba kuuliza, hii reli ya mleta mada na vita ya akina babu vilikuwa kitu kimoja au ni pande tofauti kabisa?

---

Kalamu ya Risasi

Mjukuu wa Keya, shikamoo kwa babu popote alipo.

Ni vita moja na jeshi moja. Reli ilijengwa ili kulisha majeshi ya Japani yaliyokuwa Burma. Machi 1944, miezi mitano baada ya reli kukamilika, Wajapani walivuka kuivamia India kupitia Imphal. Wakashindwa vibaya, na walipoanza kurudi nyuma, mojawapo ya divisheni zilizopewa kazi ya kuwafukuza ilikuwa ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa keya kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Walipita bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, katikati ya mvua, bonde lenye sifa mbaya kwa malaria na homa za utitiri. Novemba wakaingia Kalemyo, Desemba wakafika Kalewa na kuushika ng'ambo ya mto Chindwin. Mvua na matope na ruba alivyosimulia babu yako ndivyo ilivyokuwa hasa. Walikuwa wanasukuma magari kwa mikono.

Hivyo Searle alilazimishwa kujenga njia ya kumlisha adui ambaye babu yako alitumwa kumfukuza. Pale Taukkyan, kaskazini ya Yangon, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari wa nchi kavu ambao makaburi yao hayajulikani. Waafrika wamo.

---

Mjukuu wa Keya

Asante sana mkuu. Kalewa nimewahi kulisikia kwake, nikadhani ni jina la mtu.

---

Msanii wa Vibonzo

Mimi nachora, kwa hiyo naingia kwa mlango wa ufundi.

Mtu akimtafuta Searle mtandaoni, kitu cha kwanza atakachokutana nacho ni wasichana wa shule ya St Trinian's, watoto watundu kupindukia, wanaochoma majengo na kuwatesa walimu. Ndicho kilichompa umaarufu. Kibonzo cha kwanza cha aina hiyo kilitoka 1941 kwenye jarida la Lilliput, kabla hajatekwa. Baada ya vita akavirudia, na ukiviweka vya kabla na vya baada pamoja utaona tofauti. Vya kabla ni utani mwepesi wa shule. Vya baada vina vyuma vya kutesea, sumu, maiti. Waingereza walicheka sana. Mwaka 1953 akaachana navyo.

Angalia na mstari wake. Kabla ya 1942 ni mstari wa mwanafunzi mzuri, laini, unaotaka kupendeza. Kwenye reli mstari unakatika katika. Unatetemeka, unaruka, unaacha sehemu wazi. Sisi tunaochora tunajua mstari wa namna hiyo haufundishwi darasani. Unatoka mkono ukiwa umechoka na jicho likiwa linaharakisha kabla mtu hajatokea. Ajabu ni kwamba aliendelea nao maisha yake yote. Ule mstari wenye miiba miiba ulioigwa na wachora vibonzo wengi wa Ulaya na Marekani baada ya vita, mimi naamini ulizaliwa kwenye mabanda yale.

Pia hakuacha kazi ya ushahidi. Alizunguka kambi za wakimbizi za Ulaya na mkewe wa wakati huo, Kaye Webb, wakatoa kitabu cha wakimbizi mwaka 1960. Mwaka 1961 jarida la Life lilimpeleka Jerusalem kumchora Adolf Eichmann akiwa kizimbani. Fikiria aliyekuwa mateka amekaa na kalamu, mbele yake yupo mtu aliyepanga treni za kuwapeleka watu kuuawa.

---

Mwana Ukerewe

Na walinzi wa Kijapani aliwachoraje? Kwa chuki?

---

Msanii wa Vibonzo

Aliwachora kama watu, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Wapo walinzi wake wenye sura nzito, mtu anamwegemea mfungwa na bunduki. Wapo pia waliosinzia, waliochoka, vijana wa kijijini waliopewa singe. Hakuwapa meno ya mnyama kama mabango ya propaganda ya wakati ule yalivyofanya. Alichora alichokiona.

---

Kalamu ya Risasi

Sasa naomba nirudi kwa wale vibarua niliosema nitawarudia.

Waliokufa wengi zaidi kwenye reli ile walikuwa Waasia. Watamil kutoka mashamba ya mpira ya Malaya, Waburma, Wajava, Wachina. Wengi waliitwa kwa ahadi ya mshahara na chakula, wengine walikamatwa tu. Baadhi walikuja na wake na watoto. Mateka wa kivita, pamoja na mateso yao yote, walikuwa na maofisa wao, madaktari wao kina Dunlop, watu wa kupanga usafi wa choo na kuchemsha maji. Vibarua hawakuwa na hata mmoja wa hao. Kipindupindu kilipoingia kwenye makambi yao kilifagia.

Makaburi ya Kanchanaburi, kule Thailand, yana askari karibu 7,000, karibu kila mmoja na jiwe lake, nyasi zimekatwa, maua yamepangwa. Vibarua hawana safu kama hizo. Na hawana Searle. Michoro inayojulikana duniani ni ya mateka Wazungu kwa sababu kati ya mateka Wazungu kulikuwa na vijana waliosomea uchoraji, na waliporudi kwao kulikuwa na wachapishaji na majumba ya makumbusho ya kuwapokea. Chalker alikuwa ameshapata nafasi ya kusoma Royal College of Art. Mtamil wa shamba la mpira alikuwa na nani?

Simlaumu Searle hata kidogo. Alichora waliokuwa karibu naye, na waliokuwa karibu naye walikuwa wanakufa. Ninachotaka tukione ni kwamba namba 12,000 ina nyuso na namba 90,000 karibu haina, na kilicholeta tofauti hiyo ni nani alikuwa na penseli na nani alikuwa na pa kuipeleka karatasi.

---

Bint Saadani

Na akina babu wa Kalewa wako upande wa namba zisizo na nyuso pia. Picha zao zipo, zilizopigwa na wapiga picha wa jeshi, mara nyingi askari wamepanga mstari na kifaru nyuma. Lakini nani alikaa nao wakati wa kupika, wa kuandikiwa barua, wa kumzika mwenzao?

---

Ngome Kongwe

Hili la mwisho limenigusa. Naomba niongeze mfano unaoonyesha kwamba watu wa kawaida wakipewa nafasi wanajichora wenyewe. Miné Okubo, Mmarekani mwenye asili ya Japani, kazaliwa California 1912. Mwaka 1942 serikali yake mwenyewe ilimfungia kambini pamoja na zaidi ya watu 110,000 wa asili yake, kwanza Tanforan kwenye mabanda ya farasi wa mashindano, kisha Topaz, jangwani Utah. Kamera zilikatazwa. Akachora karibu michoro 2,000, yeye mwenyewe akijiweka ndani ya mchoro pembeni, anatazama. Kitabu chake kilitoka 1946 na kina namba ya familia yake kambini kwenye jina. Kwa hiyo mle hakuna mgeni aliyekuja kuwachora. Ni mtu wa ndani.

---

Msanii wa Vibonzo

Mjukuu wa Keya, babu yako bado yupo?

---

Mjukuu wa Keya

Alishatangulia mkuu. Bibi yupo, ana kumbukumbu kuliko sisi wote. Na kuna mzee jirani ambaye baba yake walikwenda wote.

---

Msanii wa Vibonzo

Basi nina ombi. Kaa na bibi, na huyo mzee jirani, waulize vitu vidogo: alirudi amevaa nini, alibeba sanduku la namna gani, alilala vipi usiku, chakula gani alikataa kula baada ya vita, alama zipi zilikuwa mwilini. Rekodi kwa simu, nitumie kwa ujumbe wa faragha. Nitachora, nitakurudishia bibi aangalie aseme hapa sivyo, hapa ndivyo, narekebisha mpaka akubali. Kila mchoro tutaandika chini yake kwamba umechorwa kutokana na masimulizi, nani kasimulia na mwaka gani, ili Ngome Kongwe asitudai.

---

Ngome Kongwe

Mimi nitasaidia kupitia majina ya vikosi na tarehe. Anza na namba yake ya jeshi kama bibi ana karatasi yoyote ya malipo au medali. Kwenye medali yenyewe angalia kama kuna namba au jina.

---

Mjukuu wa Keya

Medali ipo, bibi anaihifadhi kwenye kopo la chai. Jumamosi nakwenda.